Imeji Iliyokondeshwa

Katika ofisi yetu ya Homa Bay, unene ulikuwa dhambi. Tulitengeneza programu ya kliniki, ya kumkumbusha mgonjwa kunywa dawa kwa ujumbe wa simu. Ilisafiri ndani ya imeji ya kontena, yaani programu pamoja na kila kifurushi inachokitegemea, vyote vimefungwa pamoja. Kliniki za upande wa Kegonga ziliipakua kwa bando la simu ya muuguzi, na imeji nzito ilimaliza bando kabla haijafika. Basi mkubwa wetu akaanzisha mashindano. Kila Ijumaa imeji zetu zilipimwa mbele ya wote, na mwenye iliyonona kuliko zote alikula chakula cha mchana amesimama.

Nilisimama mara nyingi. "Omera, ndugu yangu, hii yako imenona kama ng'ombe ya harusi," mkubwa aliniambia, na wenzangu wakacheka midomo imejaa ugali. Niliwachukia wote, hasa wale waliocheka chinichini.

Mwishowe alininyang'anya kazi, akaikondesha mwenyewe. Alianza na imeji ya msingi, ile ambayo programu hujengwa juu yake, akachagua iliyo nyembamba, kisha akang'oa vifurushi kimoja kimoja. Programu ikiendelea kuwaka, alichukulia kwamba kilichong'olewa hakikuwa na kazi. Kimojawapo kilibeba saa za kanda za dunia. Bila hicho programu haikulalamika. Ilirudi kimyakimya kwenye saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu.

Imeji ikatumwa kliniki zote. Tukampigia makofi.

Siku chache baadaye muuguzi wa Kendu Bay alinipigia simu. "Hizi meseji zenu siku hizi zinakuja saa gani?"

Nilimjibu kwamba kila mgonjwa hupata ujumbe saa aliyoichagua.

"Wacha kunidanganya. Kuja uone chenye mmefanya."

Nilifungua kontena, nikaiuliza saa. Ilikuwa nyuma kwa saa tatu.

Kabla ya kukata simu, muuguzi alikuwa amenieleza yote. Mama mmoja alichagua saa kumi na moja alfajiri. Mumewe huvua omena usiku, na simu ya nyumbani ni moja, haiendi ziwani. Kila siku mama alisoma ujumbe, akaufuta, akameza dawa zake za virusi vya Ukimwi, na mume akarudi saa moja bila kujua kitu. Mama alikuwa bado anatafuta ujasiri wa kumwambia. Sasa ujumbe ulifika saa mbili, simu ikiwa mkononi mwa mume akimtafuta mnunuzi wa samaki.

Nilimpelekea mkubwa habari hiyo. Alirudisha kifurushi kabla chai yake haijapoa. "Ni bug ndogo tu," alisema. "Usituletee drama." Nilitamani kummwagia hiyo chai.

Nilienda Kendu Bay. Muuguzi alinipeleka nyumbani kwa kaka wa yule mama, ambako alikuwa amekimbilia. Tulimkuta mlangoni mwa jikoni, jicho limevimba, nguo zake zikiwa bado ndani ya gunia. Nilimwomba radhi. Nikaanza kueleza habari za vifurushi na kanda, muuguzi akanikazia macho. Mwisho nilisema tumerekebisha, kwamba kuanzia kesho ujumbe utakuja tena saa kumi na moja.

"Ya nini?" mama aliuliza. "Tuma saa yenye unataka. Sasa namficha nani?"