Agata na Ndege wa Mpunga

Swali moja lilininyima usingizi: nimwambie Baba, au nimwache azeeke na amani yake? Nimemaliza chuo kikuu, nimefundishwa kupima hoja, lakini hii kila nilipoipima ilinishinda.

Sisi tuliokulia bonde la Kilombero miaka ile ya hamsini, mpunga ukitoa masuke tu familia nzima ilihamia shambani. Tulilala juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, tukala wali wenye harufu ya moshi na samaki wa kuchoma, na alfajiri tukavuta kamba zenye makopo kufukuza ndege. Vijana wa leo wakiambiwa waamie ndege hivyo, kichwa kinawauma kabla jua halijatoka.

Kwa kuamia, hakuna aliyemfikia dada yangu Agata. Kila kilichotikisika alikiona. Kundi likiwa bado nukta angani, yeye keshapiga kelele. Baba alijisifu, "Nikiwa na Agata, ndege wataenda kula kwa jirani."

Shuleni macho hayo hayo yalimponza. Mjusi akipita ukutani, hesabu imeishia hapo. Alisahau kibao cha kuandikia, alisahau alichotumwa, alijibu kabla swali halijaisha.

"Agata, huyo mjusi kakupa jibu?" mwalimu aliuliza. Darasa likacheka, fimbo ikafuata.

"Nasikiliza kabisa," aliniambia akilia njiani, "halafu najikuta sipo."

Alipofika darasa la tatu Baba akakata shauri: "Shule haimtaki, shamba linamtaka." Leo analima Masagati, na barua zangu anasomewa na watu.

Chuoni ndipo niliposoma kwamba wapo watoto ambao akili zao hazitulii juu ya jambo moja. Si wakaidi, si wavivu, wala hawakurogwa. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Sasa binti yake, Roza, anakaa kwa Baba hapa Ifakara ili asome. Juzi Baba alicheka: "Mama yake mtupu huyu! Msimu huu naye akaamie."

Nilitunga maneno, nikayafuta, nikatunga mengine. Jumatatu asubuhi nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba. Roza asiende shamba. Nimeongea na mwalimu wake. Atamkalisha mbele, atampa kazi kidogo kidogo." Nikamweleza sababu.

"Kwa hiyo Agata naye..." aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Akageuza uso ukutani. Enzi zetu hakuna aliyekuja kumwambia neno kama hilo mapema. Kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Nikamshika Roza mkono, tukaondoka.