Uzi Mwekundu wa Yaya Faustin

Naikumbuka vizuri: ilikuwa siku ya ine ya juma, saa mbili na nusu ya asubui, mwezi wa munane, mwaka huu ambapo wakubwa wapya waliingia Bunia na bunduki zao. Mutoto wangu, nakuita hivyo hata kama niko na miaka kumi na sita na sina hata muchumba. Siku moja utazaliwa, utasoma maandishi haya, na yale ambayo sauti yangu inashindwa kusema mbele ya watu, mukono wangu utakuwa umekwisha kukuambia. Leo nakuandikia na hasira. Usiogope, haikuhusu weye.

Yaya Faustin, kaka yangu mukubwa, anauzisha vitambaa katika duka, magazini ya Muhindi mumoja hapa mujini. Muhindi yule iko na binti, Mina, rika langu. Kaka yake Mina alibakia Kampala, njia zimefungwa, na siku ile ilikuwa sikukuu yao ya Rakhi, ambapo dada anamufunga kaka yake uzi kwenye mukono na kaka anaahidi kumuchunga. Mina alikuwa amelia tangu alfajiri. Mwishowe baba yake akasema kwamba kwao, dada ambaye kaka yake iko mbali anaweza kumufunga mwanaume mwingine wa heshima. Tangu pale ni ndugu yake, na mwanaume hawezi kukataa. Wakamuita Yaya. Miye nilikuwa pale kwa sababu nilimuletea chai na mihogo.

Mina aliwasha taa ndogo ya mafuta juu ya sahani, akaizungusha mbele ya uso wa Yaya, akamupaka alama nyekundu kwenye paji, akamufunga uzi mwekundu wenye shanga moja ya rangi ya zahabu, kisha akamutia kitu kitamu mudomoni. Yaya alisimama kama mutu anayebatizwa, shavu limejaa, hajui kama anaruhusiwa kutafuna. Nilicheka. Ikawa zamu yake kutoa zawadi, na hakuwa na kitu, akatoa kalamu yake. Mina akaipokea na mikono miwili, utazani ni zahabu ya Mongbwalu.

Nilimuuliza Mina, kwa sauti ya chini kama kawaida yangu, desturi hii ilitoka wapi. Alisema kwamba zamani mungu wao mumoja alijikata kidole, damu ikatoka. Watumishi wakakimbia kutafuta kitambaa. Malkia mumoja hakukimbia. Alipasua nguo yake mwenyewe na kumufunga. Mungu akamuahidi kumulipa kila uzi wa nguo ile. Siku watu wabaya walipotaka kumuvua malkia nguo mbele ya wanaume, nguo ikarefuka, ikarefuka, mpaka wavutaji wakachoka. Kwa hiyo, alisema Mina, uzi huu kwetu haukatwi. Unavaliwa mpaka uanguke wenyewe.

Saa sita magazini ikafungwa, tukaenda nyumbani. Kwenye barieri, pale vijana wa wakubwa wapya wanasimamisha watu njiani, wakauona mukono wa Yaya. Wao wenyewe walikuwa wamejaa dawa: nyuzi, ngozi, vifuko shingoni. Lakini wakasema ya Yaya iko fetishi, dawa ya uganga ya wale wengine, wa upande wa pili. Mutoto wangu, mwaka huu mutu anauawa kwa jina, kwa umbo la pua, kwa namna anavyotamka neno. Sasa hata kwa uzi. Wakamupigisha magoti kwenye matope.

Mukubwa wao, kijana ambaye kabla ya vita alikuwa anatengeneza tairi za kinga, za baisikeli, akamutupia kisu. "Kama haiko dawa, kata weye mwenyewe."

Yaya aliangalia kisu, hakukishika. "Dada yangu ndiye alinifunga. Siwezi kukata."

"Dada yako si ni huyu? Aseme basi."

Nikasema, na sauti yangu ndogo. Niliwaelezea yote, malkia, kidole, nguo, maneno yakigongana mudomoni. Wakacheka. Mumoja akauliza huyo ni mungu gani anakatwa kidole, kumbe hakukuwa na muganga mbinguni?

Ndipo Koko, mama ya baba yetu, akatokea akitoka sokoni, beseni ya sombe, majani ya mihogo, kichwani. Alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia yote niliyosema. Akaitua chini. Hakusalimia mutu.

"Weye," akamuambia yule mukubwa, "nilikubebaka mugongoni wakati mama yako alikuwa na malaria. Nyosha mukono."

Sijui kwa nini, lakini aliunyosha.

"Huu nani alikufunga? Muganga. Alikuambia nini? Enda uue, risasi itakuwa maji. Na huyu, nani alimufunga? Mutoto mwanamuke. Alimuambia nini? Unichunge. Sasa miye muzee nifundishe: kati ya nyuzi hizi, ni upi wa kuogopa?"

Mukubwa wao akaokota kisu, akakata uzi wa Yaya pamoja na ngozi, damu ikatoka. Kisha akaufunga kwenye bunduki yake, akatuambia tupotee. Uzi wa Mina, kwenye bunduki. Nikiandika hivi meno yangu yanasagana. Wanasema tembo wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Nimechoka na mezali hiyo. Siye si majani.

Nyumbani Yaya aliuliza kama sasa Mina si dada yake tena. Koko akamujibu huku akitwanga sombe: "Walikata uzi. Ahadi yako waliikata na kisu gani? Undugu ni kufaana, si kufanana." Kisha akanigeukia: "Na weye, hasira yako usiilaze njaa. Uipatie kazi."

Basi mutoto wangu, shika hili. Usicheke sikukuu ya mutu kabla ya kumuuliza ilitoka wapi. Anayekuambia umuchunge, umuchunge, hata kama mumetoka matumbo mbalimbali na mnaomba kwa majina mbalimbali. Na kama sauti yako ni ndogo kama yangu, sema nayo hivyo hivyo. Mungu akupatie kaka asiyeokota kisu, na koko anayetua beseni yake njiani kwa ajili yako.

Asubui yake nilipasua upindo wa sketi yangu ya masomo, nikamufunga Yaya pale pale kwenye kidonda. Kitambaa cha kidonda hakuna anayekiita fetishi. Nikamusindikiza mpaka magazini, na kwenye barieri niliwasalimia miye wa kwanza, kwa sauti.