Baba wa Huku

Binti yangu ndiye aliyeniambukiza kipindi hicho cha runinga. Alikuja kwangu kijijini Nuu wakati wa Pasaka, akakuta runinga yangu ya sola inajiongelea yenyewe, akabadilisha stesheni na kuniambia, "Baba, keti uone huyu msichana." Niliketi ili nimfurahishe. Kufikia mwisho nilikuwa nimesogeza kiti hadi karibu na kioo.

Msichana huyo ana nguvu zisizo za kawaida. Akikukazia macho, chochote ulichobeba kinakuwa kizito mpaka kikushinde. Majambazi huachilia bunduki zao, na gari la wezi huzama kwenye lami kama limeegeshwa kwenye matope. Siku za kawaida anafanya kazi kwa mshonaji mzee aliyemwokota akiwa mdogo, akamlea, na baadaye akamshonea kinyago cha kuficha uso. Kipindi kimetiwa sauti za Kiswahili, nacho huonyeshwa Jumamosi saa kumi.

Binti yangu ameolewa Makueni na anafanya kazi ya ukarani mjini Wote. Baada ya Pasaka tukawa na desturi. Sehemu ya kipindi ya wiki hiyo ikiisha, simu yangu inalia.

"Baba, umeona?"

"Nimeona, mwaitu." Ninamwita hivyo, mama yangu, kwa sababu amebeba jina la mama yangu. "Huyo polisi ni mwongo."

"Wewe kila mtu ni mwongo! Wiki jana ulisema muuza maua ndiye adui."

"Na bado nasema. Ngoja utaona."

Alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Mtu mwingine angeona ni mazungumzo ya bure. Mimi utoto wake niliupoteza Mtito Andei, nikiuza mafuta kwenye kituo cha petroli. Nusu ya miaka hiyo nilikuwa na mwanamke mwingine huko, na nyumbani nilirudi Krismasi, tena si kila Krismasi. Mama yake alimlea peke yake, akafa kabla sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Kabla ya kipindi hicho, binti yangu alikuwa akipiga simu kuuliza kama mvua imenyesha na kama nimekunywa dawa, kisha tunaishiwa na maneno, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Sasa tulikuwa na watu wa kusengenya. Sikutaka chochote kiguse simu ile.

Halafu baba wa msichana wa kipindi akarudi. Ninasema baba mzazi, aliyemwacha kituo cha basi akiwa na miaka minne. Kwa wiki nyingi tulimwona akitembea mji hadi mji akionyesha watu picha ya mtoto, viatu vikimwishia miguuni. Siku alipoingia kwenye duka la mshonaji na kusema, "Ni mimi," niliondoa miwani nikaipangusa. Simu ilipolia niliidaka.

"Mwaitu, umeona? Amempata!"

"Nimeona. Lakini baba anasema huyo mtu si mzuri."

"Baba gani?"

"Baba wa huku." Alimaanisha baba mkwe wake. "Anasema tangu aingie anaongea tu habari zake. Alivyoteseka, alivyolala njaa. Hajamuuliza msichana swali hata moja."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi naona ni kweli."

Nilimuuliza tangu lini wanatazama pamoja. Akasema tangu mwanzo, kila Jumamosi, kwa sababu mume wake yuko kazini Mombasa na runinga iko sebuleni kwa mzee. Aliongeza kwamba mzee ana maoni makali na anamchekesha sana. Nikahesabu. Ina maana kila kitu nilichokuwa nikiambiwa kwenye simu kilikuwa kimeshasemwa sebule ya mtu mwingine. Kicheko kilikuwa kimechekwa huko, mimi nikapewa kilichobaki. Na yule mzee, mkulima wa machungwa ambaye sikuwa nimemwona tangu siku ya harusi, aliitwa baba kwa wepisi ambao mimi sikuwahi kuusikia katika sauti ya binti yangu.

Wiki nzima sikuwa na amani. Nilimchukia mkulima huyo, na nilimchukia hata mshonaji wa kwenye runinga, mzee wa watu na futi yake shingoni. Nilijiambia waandishi wanampendelea. Kwa nini maneno yote mazuri apewe yeye? Kulea mtoto aliyeachwa ni rahisi, unaonekana mwema bila jasho. Kurudi ndiko kugumu. Nilimweleza hayo mbuzi wangu wakati wa kukamua, kwa maana hakukuwa na mwingine.

Jumapili baada ya ibada nilifanya kosa ambalo Mkamba wa rika langu ndiye anayeweza kulifanya na bado aonekane mwungwana. Kwetu kuna nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake inayotenga mtu na wakwe zake. Zamani mke wa mwana hakukaa na baba mkwe wakitaniana. Siku hizi watu wanaketi benchi moja kanisani na hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe nilishaivunja nthoni mara nyingi, nikala chakula jikoni kwa mama mkwe wangu kwa sababu nilikuwa na njaa. Lakini siku hiyo niliikumbuka yote, nikampigia simu yule mzee.

"Mkwe wangu," nikasema, "nimesikia unakaa na mtoto wangu mkitazama sinema."

"Ndiyo, Jumamosi. Ni kipindi kizuri."

"Ndani yake watu wanabusiana."

"Mara moja moja."

"Sisi huku bado tunajua nthoni. Sikumlea mtoto wangu hivyo."

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa na uongo mkubwa, na sisi wote wawili tulijua. Angeweza kuniuliza nilimlea wapi. Hakuuliza. "Nimekusikia," akasema, "na kama nimekukosea, nisamehe." Nilikata simu nikijiona nimeshinda.

Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Nikapiga mimi.

"Mwaitu, umeona?"

"Sikutazama, baba. Nilikuwa nafua."

Jumamosi ya pili alikuwa anachambua maharagwe. Ya tatu nikamuuliza moja kwa moja.

"Ulisema si heshima," akajibu. "Sebule ni yake, siwezi kumtoa. Na yeye amekataa kuiwasha runinga. Sasa hakuna anayetazama."

"Basi nitakuwa nakusimulia."

"Sawa, baba. Mvua imenyesha huko?"

Jumamosi hiyo hiyo ya tatu ndipo yule baba wa kipindi alipomuuza mtoto wake. Aliketi hotelini na adui mkubwa wa msichana, akachora uso wa msichana kwenye karatasi, uso wote bila kinyago, akausukuma mezani. Nilisimama nikaipigia runinga kelele. Hata leo nadai waandishi walimharibu mtu yule. Hatembei mtu miezi yote hiyo akiishiwa viatu, halafu amalize mambo kwa sehemu moja! Lakini nilipotulia nilikumbuka neno la mzee wa machungwa. Nilirudisha kichwani kila walipozungumza, na kwa kweli hakuwa amemuuliza mtoto swali. Nilikuwa nimetazama viatu tu. Nilitaka kumwambia mtu hivyo, na simu ilikuwa mkononi, lakini watu wawili walioweza kunielewa nilikuwa nimewazima mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilisafiri kwenda Makueni. Nilifika kwao Ijumaa mchana, binti yangu akiwa bado kazini. Mzee alikuwa barazani akipanga machungwa kwenye kreti, akiyapima ukubwa kwa viganja. Nilimsalimia. Aligeuza uso upande usio wangu kabisa, kisha akausahihisha.

"Hiyo ni sauti ya Nuu," akasema. "Karibu, mkwe. Kuna kiti kushoto kwako, kama hawajakisogeza."

Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili sasa. Naona mwanga wa mlango. Binti yako hakukuambia?"

Hakuniambia, kwa sababu sikuwahi kuuliza habari za nyumba hiyo. Ndipo nikaelewa Jumamosi zao. Yeye alikuwa anasikia sauti, na binti yangu anamweleza mengine: sasa amekaza macho, sasa gari linazama, sasa kinyago kimeraruka. Nami nilikuwa nimeyakatiza hayo kwa heshima ya mila.

"Mkwe," nikasema, "haikuwa nthoni. Ulikuwa wivu."

"Najua. Nthoni haina hasira." Akatabasamu akipapasa chungwa jingine. "Lakini mimi si wa kuambiwa hilo. Mwambie aliyeacha kipindi chake."

Binti yangu alipofika nilimfuata jikoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni kama mgeni.

"Wivu wa nini, baba? Wa runinga?"

"Wa jinsi unavyomwita baba."

Aliendelea kukata sukuma wiki muda mrefu. "Sikutaka kukuumiza," akasema, "lakini siwezi kuanza kumwita vingine. Nimemzoea." Hakusema kwamba mimi hakunizoea. Hakukuwa na haja. "Chukua hilo bakuli, unipe."

Jumamosi tuliketi watatu. Kabla ya saa kumi mzee aliuliza, "Tumekosa sehemu tatu. Nani atatueleza?"

Wote wawili wakaningoja. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa na kitu ambacho hawakuwa nacho, na nilishawishika kukipunguza. Ningeweza kusema yule baba alilazimishwa, au alilia. Hakulazimishwa, wala hakulia. Nikasimulia kama ilivyokuwa, hoteli, karatasi, uso uliosukumwa mezani. Binti yangu hakunitazama. Mzee wa watu hakusema, "Niliwaambia."

"Na msichana anajua?" binti yangu akauliza.

"Bado. Anamchemshia huyo baba chai."

"Maskini."

"Chai ya maziwa?" mzee akauliza, na badala ya kuningoja, binti yangu akamgeukia: "Atakuwa amesahau sukari, baba, kama kawaida yake!" Wakacheka, kwa jambo la sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeiona peke yangu. Wivu ukanichoma kama ule wa kwanza. Niliwangoja wamalize, kisha nikaendelea na hadithi.

Nimerudi Nuu. Jumamosi simu inalia tena, lakini anaiweka spika ili mzee naye asikie. Sijapata nafasi ya kuzungumza na binti yangu peke yetu hata mara moja. Wiki jana nilijiona nikiipenda simu ile na kuichukia kwa wakati mmoja. Walipomaliza kubishana juu ya muuza maua, nilimuuliza binti yangu kazi ikoje, na bosi mpya anamtendeaje.

"Unataka nikuambie kweli?" akasema. "Ni habari ndefu."

Nilimwambia nina nafasi. Nikasikia mzee akiinuka, fimbo yake ikigonga sakafu kuelekea mlangoni, na mlango ukifungwa.