Moto Tuliopikia kwa Jirani

Nikinusa majani ya miwa yakiungua, huwa narudi nyumbani kwetu karibu na Ramisi, nikiwa na miaka tisa, mwaka ambao jiko letu halikuwashwa.

Baba alikuwa mkata miwa. Siku moja, katika shamba la mkulima mdogo, walitia moto majani kabla ya kukata, kama ilivyokuwa desturi. Upepo ukageuka, na rafiki yake Juma akabaki ndani. Baba alimsikia akiita mpaka aliponyamaza. Tangu siku ile alikaa chumbani akiutazama ukuta, haogi, hali mpaka alishwe. Mama akiwasha kiberiti tu, yeye alitoka mbio mpaka barabarani, mara nyingine bila shati. Ikabidi mama awe anapikia kwa Mama Mutuku, jirani yetu aliyetoka bara, nami nikawa mbeba sufuria, imefunikwa kanga kana kwamba tumeiiba. Sitawaficha, mwanzoni nilifurahi, maana Mama Mutuku hakuniacha niondoke bila kuonja maharagwe yake.

“Mtu akiuliza, baba ana homa,” mama alituambia. “Hayo mengine ni ya nyumbani.”

Bi Mwanasha, mhudumu wa afya wa kijiji, alinikuta uani nikiosha vyombo.

“Shikamoo, Bi Mwanasha.”

“Marahaba, mwanangu. Baba yako bado ana homa? Mwezi wa tatu huu.”

Niliona homa haitoshi tena. Nikamwambia baba amepata kazi Lunga Lunga. Baba alikuwa nyuma ya dirisha, hatua tatu kutoka tuliposimama. Bi Mwanasha alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akaondoka. Nilijiona mwerevu, na mama aliponisifu nilijiona mwerevu zaidi.

Wiki chache baadaye nilikwenda kuchukua chakula, nikamkuta mama amekaa mbele ya jiko la Mama Mutuku, mwiko mkononi, ugali unaungua. Nilimwita, hakugeuka. Mama Mutuku aliutoa mwiko mkononi mwake taratibu.

“Mama Saumu, umelala lini mara ya mwisho?”

Mama alifikiri kwa muda mrefu, kama mtoto aliyeulizwa hesabu ngumu, kisha akaanza kulia bila sauti.

Mama Mutuku hakumwomba mtu ruhusa. Alimwita Bi Mwanasha, na kesho yake wazazi wangu wote wawili walipelekwa hospitali Msambweni. Baba alipewa dawa, akapata mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na baada ya mwaka alikuwa anauza madafu. Mama hakupona hivyo. Alipika, alifua, lakini utani wake na nyimbo alizokuwa akiimba akisuka ukili wa mikeka hatukuvisikia tena. Siku nyingine hakutoka kitandani hadi alasiri.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa uongo wangu, nikiamini nilimchelewesha baba. Nilipokuwa mtu mzima, na mgonjwa wangu mwenyewe wa kuuguza, ndipo nilipoelewa kuwa nyumbani kwetu waliokuwa wakizama walikuwa wawili, nasi tulimwona mmoja tu. Nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia mtu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

“Ningemwambia nani?” alisema. “Kila aliyekuja alikuwa akimuulizia baba yako.”