Jasho la Mama Élisée

Musoki hakuweza kukaa akatulia tena. Ameuza samaki wa chumvi katika soko la Bunia tangu Élisée, kifungua mimba wake, angali mgongoni, lakini mwaka huu kigoda kilikuwa kama kimewekewa makaa. Joto lilimpanda kifuani, likashika shingo, likafika masikioni. Kitambaa cha kichwa kikatoka, kikarudi, kikatoka tena. Wateja aliwajibu kwa ukali, wakahamia meza nyingine.

Naye ni mgonjwa wa sukari. Zamani muuguzi alimwonya: ukitoka jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka, kunywa kitu kitamu upesi. Neno hilo alilishika kama amri ya kanisa. Kila jasho, chai. Kila chai, vijiko vimejaa.

"Weye Mama Élisée, utamaliza sukari yote ya Bunia!" Godelive, jirani yake wa meza, alicheka. Kisha akainama. "Hiyo haiko sukari. Ni miaka. Damu ya mwezi ilikatika, sivyo? Dada yangu kule Mahagi alipata moto ile ile. Akameza hizi homoni, akapoa, hata bwana yake akashangaa."

Godelive akamtilia vidonge mkononi, Musoki akavifunga kwenye ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. Alitamani kumeza palepale. Amechoka kulala kwenye sementi akitafuta baridi. Lakini mama yake mdogo, wa sukari vilevile, alipooza upande mmoja. Hofu ikampeleka kwa Dokta Vahwere, binti wa rika la Élisée.

Dokta alimtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu sana.

"Mama, jasho ikikuja, unapimaka mbele ya kunywa chai?"

"Nitapima na nini? Minakunywa tu."

"Basi sukari haikushuka, chai njo inaipandisha. Ni moto ya damu kukatika. Zinafanana, njo maana ilikudanganya."

Musoki akafungua fundo la kikwembe. Dokta alivigeuza vidonge.

"Hii haiko sumu. Hata mama wa sukari anaweza kupata homoni. Lakini weye, tulipopima mara ya mwisho, mafuta ya damu pia ilikuwa mingi. Ya kumeza inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Iko ya kubandika ku ngozi, hatari yake ni kidogo. Hata hiyo, tuangalie kwanza moyo na tension, presha ya damu. Na sababu uko na kizazi, lazima dawa ya pili ya kukilinda."

"Kwa hiyo leo?"

"Leo hapana."

Musoki akasimama, akakaa, akasimama. "Weye ungali mutoto. Huu moto hujauonja. Kesho nirudi soko kutukana watu?"

"Nitakuazima mashine ya kupima. Sukari ikishuka kweli, kunywa. Isiposhuka, acha chai. Na damu tuitoe leo, mama, tujue kama njia iko."

Musoki aliviacha vidonge mezani, akatoka bila kuaga. Mlangoni mwa maabara joto likampanda. Simu ikalia.

"Umemeza?" Godelive aliuliza.

"Bado."

"Unangoja nini tena?"

"Damu yangu iseme kwanza," alisema Musoki, akakunja mkono wa blauzi, mguu ukipigapiga sakafu.