Mayai Meupe ya Mama Samaki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Taa za chumba cha samaki zinawaka zenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na minane anavua viatu, anavaa ndara za mpira na kuingia kwenye joto. Mbele yake yamepangwa matangi mia mbili na kumi na manne, na samaki waliomo hawazidi urefu wa kijiti cha kiberiti.

Kazini wanamwita Mama Samaki. Kwa miaka kumi na tisa amewalisha na kuwasafishia maji katika maabara hii inayochunguza jinsi kiumbe kinavyokua ndani ya yai.

“Majirani wanashangaa mbona sinuki shombo,” anasema. “Nawaambia hawa wangu ukiwakaanga wote hawajazi sahani.”

Leo hatanii sana. Anatoa kisahani cha mayai kwenye kabati la joto na kukiweka chini ya hadubini. Yai lililo hai hupitisha mwanga. Lililokufa hugeuka jeupe. Anahesabu meupe bila sauti, midomo ikicheza, anaandika daftarini, kisha anahesabu tena.

Zamani hakuwa akihesabu. Alikuwa akiyaondoa tu, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mtafiti wa hapa, ambaye ni rika la kitinda mimba wa Mama Samaki, anafuatilia protini moja. Seli inapotumia oksijeni, hubaki na mabaki makali yanayoweza kuiunguza. Hatari ikizidi, protini hiyo huingia kwenye kiini cha seli, hushika vinasaba na kuviamsha vitengeneze kinga.

“Bila moto hupiki,” anaeleza mtafiti, “lakini lazima awepo mtu wa kuuangalia. Nilitaka kujua kiinitete kisicho na mwangalizi huyo kitafika siku ya ngapi.”

Kwa miezi minne visahani vyake vya mayai yasiyo na protini hiyo vilikaa rafu moja na vya mayai ya kawaida. Mayai yalimiminwa kwa makadirio bila kuhesabiwa, na kila kisahani kilipofika siku ya pili, saa tatu asubuhi, mtafiti alihesabu yaliyo hai na yaliyokufa. Yaliyokufa karibu hayakuwapo.

Hayakuwapo kwa sababu Mama Samaki alikuwa ameshapita na dropa yake, kijibomba cha kunyonyea mayai. Yai lililokufa huozesha maji, ndivyo alivyofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba visahani vile vipya havikuwa vya kuguswa. Mazoea yana taabu.

Tena alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kazini.

“Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Aliishi siku mbili. Nilipoenda kumwona wodini nilimkuta wa baridi, katikati ya wenzake wanaopumua, na hakuna aliyemtoa mpaka mchana. Tangu hapo siwezi kumwacha mfu kati ya walio hai. Hata yai.”

Siku moja, akipiga deki, alimsikia mtafiti akisema kwenye simu kwamba protini ile haina kazi yoyote katika siku mbili za mwanzo za yai, na kwamba wiki ile ile angeyapeleka matokeo. Dropa ilikuwa mfukoni mwa Mama Samaki.

Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki mbili. Siku ya kwanza alimaliza kudeki akaenda nyumbani. Siku ya pili alifika mlangoni kwa mtafiti akarudi. Siku ya tatu akabisha mlango.

“Daktari, mwanangu, hao samaki wako wanakufa. Mimi ndiye ninayewatoa.”

“Tangu lini, mama?”

“Tangu mwanzo.”

“Umetoa wangapi?”

“Sikuhesabu.”

Mtafiti alifunga kompyuta.

“Nilikasirika, siwezi kudanganya,” anasema. “Lakini kesho yake ningepeleka uongo kwa watu wanaotafuta namna ya kuwaokoa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Nilimwambia hivyo. Ndipo alipokaa chini akalia, na mimi sikujua kwa nini.”

Maji yaliyomwagika hayazoleki. Kazi ilianza upya. Mama Samaki alipewa barua ya onyo na mkataba wa miezi sita badala ya mwaka. Hakulalamika. Aliomba jambo moja tu, afundishwe hadubini, ahesabu kwanza ndipo aondoe.

Wiki hii, katika kila mayai mia ya kawaida, yaliyokufa kufikia siku ya pili ni tisa. Katika yale yasiyo na protini ile ni sitini na matatu. Mtafiti anaonya kwamba ni mapema kusherehekea.

Mkataba utaisha mwezi mmoja kabla ya kisahani cha mwisho. Mama Samaki ameandika barua ya kuomba aongezewe mwezi huo, hata kama hautafuatwa na mwingine.

“Wangu hakuandikwa popote,” anasema. “Walisema siku mbili ni chache mno. Hawa nataka waandikwe wote.”

Anatazama daftari, anahakikisha namba imekaa mahali pake, kisha anachukua dropa na kulitoa yai jeupe la kwanza.