Rangi ya Kijani Kwenye Vidole vya Wifi

Leo wifi yangu amekataa kumpa mamake mkono, na roho yangu imetulia tuli.

Wiki nzima nimekuwa nikipiga msasa kabati za jikoni. Leo nikazipaka rangi ya mafuta, ya kijani. Vishikio nilikuwa nimeving'oa vyote, kwa hivyo ukitaka kufungua ni lazima uingize vidole pembeni ya mlango, penye rangi mbichi.

Sasa huyu Kemunto, dada ya mume wangu, ndiye alienda kuambia akina mama wa kanisa ati kabati zangu hazina kitu ila panya. Nikamuuliza amejuaje. Akaapa hajawahi kuzigusa.

Basi alipokuja leo, sikumwambia rangi haijakauka.

(Eeh, nilinyamaza makusudi.)

Nikatoka kuchuma mboga za chinsaga. Kurudi, namkuta amesimama sebuleni, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Na mama mkwe huyo anaingia!

"Bwairire," akamsalimia bintiye, mkono ameunyoosha.

Kemunto akainamisha kichwa tu. Jamani, nani huku Nyamira anamnyima mamake mkono?

Mama akauvuta mwenyewe. Vidole vyote kijani! Akavitazama, akachungulia jikoni, akatazama kabati zangu.

"Kumbe ni wewe unafunguanga kabati za watu?"

Niambieni kama nimekosea, lakini Kemunto aliponiomba kwa sauti ndogo thina ya kutoa hiyo rangi, nilimjibu kwa upole kabisa:

"Iko kwa kabati, wifi. Fungua tu, si umezoea."